Kwenda Uingereza Kuangalia Mpira: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu

Ninaishi Manchester, huu mwaka wa kumi na moja. Kila Juni, ratiba ya Ligi Kuu ikitoka tu, simu yangu haipumziki. Leo shemeji wa Arusha, kesho rafiki niliyesoma naye aliyeko Mombasa, keshokutwa mtu nisiyemjua kabisa aliyepewa namba yangu na mama mdogo. Wote wanataka kuja kuangalia mpira, na wote wanauliza yale yale. Basi nimeyaandika hapa, anayekuja asome kwanza ndipo apige.

Kweli kuna watu wanapanda ndege kwa ajili ya dakika tisini?

Wapo, tena wengi. VisitBritain, taasisi inayosimamia utalii wa huku, ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 1.5 kutoka nje ya nchi waliingia uwanjani kuangalia mechi. Pita uwanja wa ndege wa Manchester Jumamosi asubuhi uone Wairish na Wanorwei wanavyoshuka na skafu shingoni, mizigo yao ni kibegi kimoja, na Jumapili wanarudi makwao. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kufanya hivyo kwa sababu ya nauli na viza, kwa hiyo ukija panga angalau wiki moja.

Tiketi ninaipataje?

Hapa ndipo safari nyingi zinapofia. Kwenye klabu kubwa, yaani Manchester United, Liverpool, Arsenal, Chelsea, Manchester City na Tottenham, viti vingi vina wenyewe: watu waliolipia msimu mzima, wengine wamerithi foleni kutoka kwa baba zao. Vinavyobaki vinauzwa kwa wanachama kwanza, na klabu kadhaa siku hizi wanaendesha droo. Unaomba mechi, unasubiri, unaambiwa umepata au umekosa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujiunga uanachama kwenye tovuti ya klabu yenyewe. Ni pauni thelathini na kitu au arobaini kwa msimu. Uanachama haukupi tiketi, unakupa ruhusa ya kupanga foleni tu, na watu wengi hawalielewi hili mpaka hela imeshatoka. Kama mnakuja wawili, kwa kawaida kila mmoja awe na uanachama wake.

Mbinu inayofanya kazi ni uvumilivu. Wenye tiketi za msimu wakipata dharura hurudisha viti vyao kwa klabu viuzwe upya, na viti hivyo huibuka mtandaoni kimoja kimoja, hasa siku za mwisho kabla ya mechi. Mtu anayetafuta kiti kimoja hupata. Anayetafuta vinne vilivyopangana, baba, mama na watoto, atakesha. Gawanyikeni, mtakutana wakati wa mapumziko.

Bei ya mechi nyingi za Ligi Kuu inacheza kati ya pauni 30 na 100. Kuna pia vifurushi vya kifahari, una kiti kizuri, chakula, pengine na mchezaji wa zamani anapita kusalimia meza. Hivyo ni pauni mia kadhaa kwenda juu, ila klabu inaviuza hadharani na havina longolongo. Mwenye uwezo na haraka achukue njia hiyo.

Na chagua mechi kwa akili. Ukitaka Liverpool na Manchester United kwa safari ya kwanza, unajitafutia presha. Chukua timu yako ikicheza na iliyopanda daraja msimu huu, au mechi ya raundi za mwanzo za Kombe la Ligi katikati ya wiki.

Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza. Ninunue?

Usinunue.

Sheria ya mwaka 1994 inakataza mtu kuuza tena tiketi ya mechi ya soka bila idhini ya waandaaji. Si kama tamasha la muziki, ambako ulanguzi umevumiliwa kwa miaka mingi. Klabu ikigundua, inaifuta tiketi ukiwa bado njiani.

Mtoto wa mama mdogo alikuja msimu fulani na tiketi ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United, aliyoinunua kwa mtu wa mtandaoni, pauni 180, akatumiwa picha yenye alama za mistari. Nilimwambia, akaniona mshamba. Tulifika langoni tukiwa na nusu saa, akaweka simu kwenye mashine, ikawaka taa nyekundu. Akaifuta kioo kwa shati, akaweka tena. Nyekundu. Msimamizi, mama wa makamo mwenye koti la njano, akaitazama ile picha na kusema kwa upole kabisa, “Huyu ni wa tatu leo, mpenzi.” Picha moja ilikuwa imeuzwa kwa watu watatu, na pengine zaidi. Yule muuzaji alikuwa ameshamblock kabla hatujaondoka pale getini.

Tiketi halali siku hizi inakaa ndani ya simu yako kama kadi ya benki inavyokaa. Hakikisha ina chaji.

Viza je?

Wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni wa kawaida, ambayo huruhusu kukaa hadi miezi sita. Unaomba mtandaoni, unakwenda kituoni kutoa alama za vidole na picha, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Ndugu zetu wenye pasi za Oman wamerahisishiwa tangu 2024, wao wanaomba kibali cha kielektroniki tu.

Tiketi ya mechi haimshawishi afisa wa viza. Anachotaka kuona ni kwamba una kazi au biashara, fedha zako zina historia inayoeleweka, na una sababu ya kurudi nyumbani. Nimeona mtu anaweka milioni kumi kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, halafu anashangaa kunyimwa.

Nikate nauli kwa kufuata ratiba ya Juni?

Hapana. Ratiba ya Juni ni rasimu. Televisheni zitachagua mechi zao, na yako ya Jumamosi itasogezwa Jumapili, Jumatatu usiku, au Ijumaa wakati wewe bado uko Addis Ababa unasubiri kuunganisha ndege. Michuano ya Ulaya na Kombe la FA nayo inasukuma. Subiri mechi ithibitishwe, au weka siku tatu kabla na tatu baada.

Halafu angalia treni. Mechi ya Manchester inayoanza saa 2 usiku inaisha karibu saa 4, na hapo treni ya mwisho ya kurudi London imeshakwenda zake. Lala huko huko.

Nikipata nafasi ya uwanja mmoja tu, niende upi?

Swali hili limevunja urafiki wa watu. Nitasema ninavyoona mimi.

Anfield, uwanja wa Liverpool, kwa sababu ya kile kinachotokea kabla ya mpira kuanza. Hakuna stesheni ya treni jirani. Unapanda basi namba 917 kutoka katikati ya mji, au unatembea dakika arobaini na kitu ukipanda mlima taratibu, na ghafla unauona uwanja umesimama mwisho wa mtaa wa nyumba za matofali kama jahazi lililoegeshwa uani kwa mtu. Kuta za nyumba zimechorwa sura za wachezaji na makocha. Jukwaa maarufu, Kop, limepewa jina la kilima cha Spion Kop, Afrika Kusini, ambako wanajeshi wengi wa Kiingereza, wakiwemo vijana wa Liverpool, waliuawa na Makaburu Januari 1900. Mwenyewe nilikaa miaka mingi nikishangilia Kop bila kujua kwamba jina limetoka barani kwetu. Pita pia kwenye kumbukumbu ya Hillsborough. Wale mashabiki 97 wa Liverpool walikwenda Hillsborough, uwanja wa Sheffield, kuangalia nusu fainali tarehe 15 Aprili 1989, wakabanwa jukwaani, ikawagharimu maisha. Simama kidogo, vua kofia, usipige selfi.

Old Trafford ni mzee, umefunguliwa 1910, unachukua watu zaidi ya 74,000, na mvua ikinyesha kuna kona utajua kwamba paa nalo limezeeka. Machi 2025 klabu ilitangaza nia ya kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 pembeni yake, kwa hiyo anayetaka kuuona huu wa akina Charlton na Best asichelewe. Tafuta ile saa ukutani yenye neno Munich na tarehe 6 Februari 1958, siku ndege iliyobeba timu ilipoanguka na kuua watu 23, wanane wao wachezaji.

Kwa wa Arsenal, Emirates ni mzuri, viti vipana, lakini mimi utamu wake nauona kituoni. Shukeni kituo cha Arsenal, kituo pekee cha treni za chini ya ardhi za London chenye jina la klabu ya mpira, tangu 1932. Vigae vya ukutani bado vinasoma Gillespie Road, jina la zamani. Ukitoka nje, hatua chache, utaikuta Highbury, uwanja wao wa zamani: ukuta wa jukwaa la mashariki bado upo, ndani watu wanaishi kwenye vyumba, na pale alipokuwa akikimbia mshambuliaji wao Thierry Henry pameoteshwa bustani.

Tottenham ni wa kisasa sana, ulifunguliwa Aprili 2019, na pesa taslimu hazipokelewi kabisa. Wembley ni mkubwa, watu 90,000, tao lake linaonekana toka mbali, lakini kwangu una ubaridi wa ukumbi wa mikutano. Isipokuwa kwa Mtanzania. Ni pale, tarehe 1 Machi 2020, Mbwana Samatta aliporuka akafunga kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, na sisi tukalala na furaha kama mabingwa. Mkenya naye ana kwake: Victor Wanyama alianzia Southampton 2013, kisha Tottenham.

Ukitaka uwanja wa kukaa moyoni bila kupigania tiketi, nenda Craven Cottage wa Fulham. Unashuka Putney Bridge, unatembea bustanini kandokando ya mto Thames, majani yanadondoka, wazee na mbwa wao, na mwisho wa bustani ndio uwanja. Pembeni kuna nyumba ndogo ya matofali wanamovalia wachezaji. Mwenye klabu wa zamani aliwahi kuweka sanamu ya Michael Jackson pale nje, 2011. Ilidumu miaka miwili.

Mbona viwanja viko katikati ya nyumba za watu?

Kwa sababu vilijengwa kwa ajili ya watu hao. Sheria ya viwanda ya 1850 iliwaachia wafanyakazi Jumamosi mchana, saa 8. Mtu anatoka kiwandani, anakula kitu, saa 9 alasiri yuko uwanjani, kwa miguu. Ligi ilipoanza mwaka 1888 ilikuwa na klabu 12, zote za miji ya viwanda ya kaskazini na katikati, hata moja ya London haikuwemo. Viwanda vingi vimekufa, viwanja vimebaki.

Mfano ninaoupenda ni Kenilworth Road, kwa Luton Town. Mashabiki wageni wanaingilia mlango uliopasuliwa katikati ya safu ya nyumba, unapanda ngazi za chuma na chini yako unaona ua wa mtu, nguo zimeanikwa, baiskeli ya mtoto imelazwa. Msimu wa 2023/24 Ligi Kuu nzima ilipita hapo.

Nivae jezi ya timu yangu?

Inategemea umekaa wapi. Ukiwa jukwaa la wenyeji, jezi au skafu ya wageni itakutoa uwanjani, na ukishangilia goli la wageni pia. Usifikirie wanakuonea, wanakulinda. Mashabiki wageni wana kona yao yenye ulinzi, na tiketi zake ni ngumu kuliko za wenyeji, maana zinagawiwa kwa wanaosafiri na timu kila wiki. Ukijikuta umekaa kwa wapinzani na timu yako ikafunga, ung'ate ulimi. Nimefanya hivyo pale Etihad, kwa Manchester City, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Ni kweli wenyeji hawawapendi watalii?

Wengine hawapendi, na wana hoja. Shabiki ambaye babu yake alikuwa akija hapa anaona bei inapanda kila mwaka, kiti cha jirani yake wa miaka ishirini kimechukuliwa na mtu anayerekodi video mechi nzima, kaupa uwanja mgongo ili apate picha. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77, timu ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, kupinga tiketi ya pauni 77. Klabu ikarudi nyuma kuhusu bei. Hasira yao ilikuwa kwa wenye klabu, ila mtalii ndiye anayekaa karibu nao.

Kinachowaudhi zaidi ni skafu ya nusu kwa nusu, upande timu hii upande ile. Inauzwa nje ya kila uwanja kwa sababu wageni wanainunua. Kwa mwenyeji, ni kama mtu avae jezi nusu Simba nusu Yanga siku ya Kariakoo Derby. Utaelewa.

Ukifika mapema, ukaweka simu mfukoni mpira unapochezwa, ukasimama wanaposimama, hakuna atakayekusumbua. Uliza jirani yako maana ya wimbo wanaouimba. Atakueleza, na atakueleza mpaka ujute.

Mimi ni Mweusi. Na ni Mwislamu. Niwe na wasiwasi?

Nisikudanganye, ubaguzi upo, na mitandaoni ni mbaya kuliko viwanjani. Nyimbo za kibaguzi zimekuwa kosa la jinai tangu sheria ya 1991, na klabu zina namba ya kutuma ujumbe kuripoti uliposikia, kiti gani, safu gani. Mimi katika miaka yangu yote nimesikia neno baya mara mbili, na mara moja kati ya hizo mtu alitolewa na wenzake kabla walinzi hawajafika.

Kuhusu dini, viwanja kadhaa vina chumba cha kuswalia, uliza wasimamizi. Machi 2023 Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, uliandaa futari ya wazi kando ya uwanja, na siku hizi katika Ramadhani waamuzi husimamisha mchezo kidogo jua likizama ili wachezaji waliofunga wafuturu.

Chakula na vinywaji?

Pai ya nyama, chipsi, na huku kaskazini Bovril, mchuzi mzito wa ng'ombe unaonyweka kama chai. Siku ya baridi ule mchuzi ni dawa. Halali uliza, usikisie. Bia inauzwa, lakini sheria ya 1985 hairuhusu kuinywa ukiwa unauona uwanja, ndiyo maana wakati wa mapumziko watu wanakunywa kule nyuma ya majukwaa kama wanakimbizwa.

Baridi?

Desemba jua la Manchester linazama kabla ya saa 10 jioni. Vaa soksi mbili. Saruji ya jukwaani inapitisha baridi kutokea miguuni, na koti zuri halisaidii kitu kama kiatu ni raba nyepesi. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4.

Nina mechi moja kubwa. Siku nyingine nifanye nini?

Kaangalie madaraja ya chini, na kama nina neno moja la kusisitiza kwenye ukurasa huu ni hili. Kutoka stesheni kubwa ya Manchester, treni ya dakika kumi inakufikisha Stockport. Edgeley Park, uwanja wa Stockport County, unaweza kupata tiketi kirahisi, na unalipa kidogo kuliko kwa wakubwa. Mara ya kwanza nilikaa pembeni ya mzee aliyekuwa na mfuko wa peremende. Kila kona ikipigwa ananipa moja. Dakika ya themanini nilikuwa na sita mfukoni na timu haijafunga. Kule unamsikia kocha anavyofoka, unamsikia golikipa anavyomtukana beki wake, mpira ukitoka nje unaweza kuudaka wewe. Televisheni haitakupa hivyo, na Old Trafford kiti cha juu hakitakupa.

Mechi za wanawake nazo ni njia nzuri. Arsenal Women wanacheza Emirates kwa bei ya chini sana, na watoto utawaingiza bila kukopa.

Nikikosa mechi ya Jumamosi saa 9, si nitaangalia baa?

Huwezi, na hili linawashangaza wote. Ndani ya Uingereza ni marufuku kurusha mechi ya soka moja kwa moja Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni. Utaratibu huo ni wa miaka ya 1960, na aliyeupigania zaidi ni Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, aliyeogopa watu watakaa nyumbani na klabu ndogo zife njaa. Kwa hiyo mechi inayochezwa hatua mia kutoka ulipo huioni, ila banda umiza la Manzese wanaiona kwa buku, saa 11 jioni yao, au saa 12 huku saa zikirudishwa nyuma kwa ajili ya baridi.

Na nikikosa tiketi kabisa?

Fanya ziara ya uwanja siku isiyo ya mechi, unaingia hadi chumba cha kubadilishia nguo kwa kama pauni 30. Nenda pia makumbusho ya taifa ya soka, yako Manchester mjini. Na siku yenyewe ya mechi nenda tu, hata bila tiketi.

Siku ile ya taa nyekundu mtoto wa mama mdogo hakutaka kuondoka. Tulinunua chipsi, tukakaa kwenye ukingo wa ukuta karibu na sanamu ya Best, Law na Charlton. Barabara ilikuwa imebaki tupu, farasi wa polisi, makaratasi, na muuza skafu anahesabu hela. Halafu uwanja ukaunguruma, sauti ikaja juu ya paa mpaka nikaisikia kwenye mbavu. Tukajua ni goli, hatukujua la nani. Tukatazamana. Zikapita kama sekunde thelathini, simu yake ikalia, ujumbe kutoka kwa mdogo wake aliyekuwa bandani, Tandika: “RASHFORD!!! Umeona lile goli??”

Akaandika: “Nimelisikia.”